Kigae Kilichobaki Mkononi

Nyumbani,
Jumatano alasiri.

Mdogo wangu mpendwa,

Kabla ya salamu, naomba radhi. Barua yako ilinifikia zamani. Niliisoma nikiwa nimesimama, nikaikunja, nikaiweka chini ya redio, na tangu siku hiyo kila nikifungua taarifa ya habari naiona inanitazama. Ningeweza kuyasingizia macho, kwa kuwa daktari amenibadilishia miwani. Ningeweza pia kuisingizia posta, ambayo siku hizi haina wa kuitetea. Lakini nimewafundisha watoto wa watu maisha yangu yote kwamba udhuru wa uongo ni utovu wa adabu wa pili juu ya ule wa kwanza, na sioni kwa nini nijisamehe nilichowachapia wengine. Basi nimekosa, nisamehe. Sababu yenyewe utaikuta huko mbele, maana si jambo la kusemewa mlangoni.

Sasa salamu. U hali gani? Magoti yanasemaje katika baridi hiyo? Yule bibi unayemhudumia, anayekuita kwa jina la dada yake aliyekufa, bado yu hai? Uliniandikia kwamba umeacha kumsahihisha, sasa unaitika tu. Nilicheka niliposoma, kisha sikucheka tena. Mimi sijambo. Mgongo unauma asubuhi na kuacha mchana, kama mfanyakazi mvivu aliyegeuziwa saa. Paa la jikoni nimeliziba. Chumba chako kiko vilevile, ila nimeingiza humo kabati la vitabu, kwa kuwa mchwa walikwisha kula mguu mmoja wa kabati sebuleni na nikaona heri nilihamishe kabla hawajaingia nyumba nzima. Usikasirike. Kitanda chako sijakigusa.

Binti yako hajambo. Wewe ulimwacha kwangu meno ya mbele yakiwa yametoka na mapya hayajaota, akisema "thamahani" kila akikanyaga mguu wa mtu. Leo ana sauti ambayo ikitoka uani, watu walioko barabarani hupunguza mwendo. Bado ana ile tabia ya kutembea kama aliyetumwa na kuchelewa. Kila Jumapili huja kwangu, mikono misafi mpaka kwenye viwiko na viwiko vina udongo, hukaa kwenye kiti cha marehemu wifi yako, na kabla sijamaliza kumimina chai huwa amekwisha lala. Mimi hunywa zote mbili. Ndiyo mazungumzo yetu ya wiki, na sijawahi kuyalalamikia.

Unajua kwamba yeye ni mwenyekiti wa ushirika wa wafinyanzi. Hujui amekuwa mwenyekiti wa namna gani. Alipouchukua, ushirika ulikuwa unakata roho. Paa lilivujia vyombo vilivyoanikwa, tanuri lilikuwa na ufa, na kila mwanachama alikuwa na mteja wake wa mlango wa nyuma. Binti yako aliuziba ufa, akaufunga mlango wa nyuma, akasimama kwenye mlango wa mbele. Sasa sahani zao ziko katika hoteli ambazo mimi na wewe tungeingia kwa kuuliza njia tu. Lori huja kuchukua mzigo. Mwenye haki mpe haki yake: bila yeye, pale pangekuwa gereji.

Lakini wanamwita Bi Kibali. Hakuna udongo unaochanganywa mpaka auguse, hakuna rangi inayopakwa mpaka aione, na jioni watu wakiondoka hubaki akibandua mishikio ya vikombe vya wenzake na kuibandika upya kwa namna anayoona yeye ndiyo sawa. Wanasema hata paka wa karakana, akitaka kupiga chafya, humtazama kwanza. Nililisikia jina hilo kwa muuza magazeti kabla ya kulisikia pale kazini, nikajua limekwisha komaa.

Mwaka huu walileta mtaalamu wa uongozi, kijana mwenye viatu vilivyochongoka, akawaonyesha picha ukutani na kuwaambia kwamba kiongozi ni tai. Mchoraji wao, yule mama anayepamba sahani, aliuliza kama mwenyekiti ni tai wao wawe nani, vifaranga? Somo likafia hapo. Binti yako hakupendezwa na mtaalamu wala na swali. Alikuja kwangu akakumbusha kwamba nilipokuwa namlea sikumsimulia habari za sungura na fisi kama watoto wengine. Nilimsimulia habari za Wagiriki wa kale, na kumhesabia katika vidole vyake zile fadhila nne walizozitukuza: busara, ushujaa, kiasi na haki. Akasema anataka niwafundishe watu wake hizo, wapate kuwa na nidhamu. Nilimwambia fadhila hazifundishwi kwa waongozwa peke yao. Akasema najua, Mjomba, mimi nami nitakaa nisikilize. Akakaa kweli, mstari wa mbele, kalamu mkononi.

Nimefundisha madarasa mengi, mdogo wangu, lakini sijapata kufundisha kati ya vikombe vibichi vinavyokauka juu ya mbao, huku wanafunzi wakigeuka kila mara kuvigeuza. Wamenipa jina pia. Mimi ni Mwalimu Nukta, kwa sababu nikimaliza sentensi hukomesha kidole hewani. Niliwaambia kwamba Wagiriki hawakuiona fadhila kuwa kipaji cha kuzaliwa nacho. Kwao ilikuwa zoea: mtu huwa mwadilifu kwa kutenda haki leo, na kesho, na siku asiyotazamwa, kama mkono unavyokuwa wa mfinyanzi kwa kufinyanga. Hilo walilipenda. Niliwaambia ushujaa umekaa katikati, kulia kwake woga na kushoto kwake ujuba. Mzee wa Tanuri, ambaye kazi yake ni moto na utani, alisema basi yeye amekaa katikati tangu alipooa.

Tulipofika kwenye haki, mchoraji aliuliza kama katika miji hiyo wanawake walipiga kura. Nikasema hapana. Akauliza kuhusu watumwa, maana alisikia walikuwako. Nikasema walikuwako na hawakupiga. Akakunja mikono akaniuliza kwa upole, kama unavyomuuliza mtoto aliyejitia uji kifuani, basi hao ni watu wa haki gani. Sikuwa na pa kujificha. Nilisema waliijua haki wakaipima kwa kibaba kidogo, na kwamba sisi tunaweza kuchukua chungu chao na kumwaga kilichochachia ndani. Alifikiri kidogo akasema chungu kilichochachiwa hakitoki harufu mpaka kichomwe tena. Niliikubali hoja. Hata sasa nahisi harufu hiyo kila nikiyasifu mambo ya kale.

Siku ya kiasi ndiyo iliyoleta yote. Nilisema kiasi si cha chakula na kinywaji tu. Madaraka nayo huliwa, na ubaya wake ni kwamba hayaonekani tumboni, kwa hiyo mlaji hajui lini ameshiba. Wanaojua ni waliokaa naye sinia moja. Kila mtu aliangalia vikombe. Binti yako aliandika maneno yangu yote, kisha akageuka akamwambia Mzee wa Tanuri, "Umesikia? Na kuni nazo ni hivyohivyo." Watu walicheka kicheko ambacho sikukipenda. Yeye alidhani wanamcheka mzee.

Nikataka kupoza hewa, na kupoza kwangu ndiko kulikowasha. Nilisimulia, kama mtu anayegawa peremende mwisho wa somo, kwamba katika mji wao mmoja wananchi waliulizwa kila mwaka kama yuko mtu aliyekua mno mpaka wenzake wakakosa pa kupumulia. Wakisema yuko, kila mmoja alikwaruza jina kwenye kigae, kipande cha chungu kilichovunjika, na aliyezidi kutajwa aliondoka mjini miaka kumi. Hakuwa amehukumiwa. Mali yake ilibaki, heshima yake ilibaki, na muda ukiisha alirudi akakaa kwake. Nilimaliza, nikapiga nukta hewani, nikaenda zangu. Sikukumbuka hata kidogo kwamba nilikuwa nawasimulia wafinyanzi habari ya vigae.

Wiki iliyofuata Mzee wa Tanuri na mchoraji walikuja hapa nyumbani wamevaa nguo za kutembelea. Waliniuliza afya mara tatu. Mtu akikuuliza afya mara tatu, ameficha mkuki nyuma ya mlango. Nikawaambia waseme. Wakasema wangependa kuijaribu ile desturi ya Wagiriki. Nikauliza kwa ajili ya nani. Wakasema hakuna, ni desturi tu. Nikawaacha wanywe chai mpaka uongo huo uwaishie.

Ndipo mchoraji alipoeleza. Alisema binti yako alipougua homa mwezi uliopita, karakana ilisimama. Udongo ulikauka katika pipa, kwa kuwa hakuna aliyethubutu kuchanganya mwingine, na humo wamo watu waliokuwa wakifinyanga yeye akiwa bado anacheza rede. Walikaa wanatazamana. Alisema kilichomwogopesha ni kwamba hata yeye mwenyewe, aliyekuwa na brashi mkononi, alishindwa kuamua kama ua lipakwe buluu au kahawia. Akasema hawamchukii. "Angekuwa mwizi, Mwalimu, tungelala usingizi," alisema. "Mwizi unamfukuza. Huyu tunampenda, na hatuwezi kupumua." Mzee wa Tanuri hakutania. Hilo lilinitisha kuliko maneno.

Walitaka mambo mawili: nimpelekee ujumbe, na nisimamie kura. Nikawaambia mimi ni mjomba wake, hainipendezi. Mzee akasema ndiyo sababu wamekuja kwangu. Nikishiriki kumpumzisha hakuna atakayesema ni chuki, na akibaki hakuna atakayesema nimempendelea, kwa maana mji mzima unajua kwamba nilimfelisha insha mbele ya darasa. Nikawaambia insha ile ilistahili. Wakasema ndivyo wanavyosema wao.

Nilimpelekea. Alikuwa kwenye gurudumu, anainua shingo ya mtungi, na hakulisimamisha. Alisikiliza mpaka mwisho. Mtungi ulipinda kidogo, akaurudisha. Aliuliza swali moja tu: haya ndiyo uliyowafundisha? Nikasema ndiyo. Akasema basi wapige, yeye hawezi kuwaletea mwalimu kisha awazuie kufanya mazoezi. Tukaandaa kanuni pamoja na wanachama. Badala ya miaka kumi, mwaka mmoja. Hisa yake ibaki, gurudumu lake lifunikwe kitambaa asiliguse mtu, lakini yeye asikanyage karakana mwaka huo mzima, kwa sababu akionekana tu watu watarudi kumuuliza. Kura zikilingana, msimamizi ataweka kigae chake. Hicho kipengele cha mwisho nilikikubali bila kukifikiri, kwa kuwa idadi ya wapiga kura haigawanyiki kwa mbili.

Siku ya kura tulikusanyika, kila mmoja na msumari wake. Anayetaka apumzike akwaruze mstari kwenye kigae. Anayetaka abaki akiache kisafi. Vyote vitumbukizwe katika ndoo iliyofunikwa. Wakasema haya, viko wapi vigae? Wakatazamana. Mdogo wangu, katika kiwanda cha vyungu hakukuwa na kigae hata kimoja. Binti yako alikuwa ameagiza kila kinachovunjika kisagwe siku hiyohiyo na kuchanganywa na udongo mpya kuutia nguvu. Pale chini pamefagiliwa kama zahanati. Wameshika misumari na hawana cha kukwaruza. Mmoja akaanza kucheka, wa pili akamfuata, na mchoraji akasema labda tuahirishe.

Binti yako aliingia ofisini akatoka amekumbatia ule mtungi mkubwa wa kwanza, alioufinyanga peke yake alipokuwa mwanafunzi pale, ambao nilikupigia picha nikakutumia ukaniambia picha umeibandika ukutani juu ya jiko. Akauangusha sakafuni. Sauti yake bado iko masikioni mwangu. Akasema, "Vimetosha. Chagueni." Kisha, kama kawaida yake, akaagiza wenye vipande vikali waangalie vidole, na atakayejikata asije kwenye udongo kabla ya kuosha. Nyuma yangu mtu akanong'ona kwamba hata kumwondoa kumepata kibali. Mchoraji alikuwa akicheka na kulia kwa pamoja, na sikujua nimtazame upande gani. Mimi niliokota kipande changu kwa sababu kila mtu aliokota.

Nikahesabu. Kura zilikuwa sawa kwa sawa. Nikahesabu tena nikidhani ni miwani. Ndipo ilipogundulika kwamba Mzee wa Tanuri hakupiga. Oda ya hoteli ilikuwa imechelewa, na mwenyekiti aliagiza tanuri liwashwe asubuhi ileile. Tanuri likishawaka haliachwi. Tulikuwa tumeweka kura siku ya kuchoma, na katika watu wote wale, ambao kazi yao ni hiyo, hakuna aliyekumbuka. Wakamfuata kule nyuma. Akawaambia sasa amechelewa, matokeo amekwisha yasikia, na akiweka chake kila mtu atajua ni cha nani. Amefanya kazi na moto maisha yake yote, akasema, lakini huo hauwezi. Akawaambia kanuni si ipo? Mwalimu Nukta na aweke nukta.

Basi kigae ni changu. Wamenipa hadi Jumamosi. Nisipokiweka, kanuni inasema atabaki, kwa hiyo hata kunyamaza ni kupiga kura, na sina pembe ya kujibanza. Kiko hapa mezani ninapoandika, upande mmoja una alama ya vidole vyake alivyokuwa navyo akiwa msichana.

Jumapili alikuja, na kwa mara ya kwanza hakulala. Alikunywa chai yake mwenyewe. Alisema hakuja kuniomba lolote. Akisikia nimemhurumia hatanisamehe. Nikamuuliza yeye anaonaje. Akasema alipoona msumari mikononi mwa watu aliowafundisha kushika udongo, aliumia, na alipoona wamekosa vigae aliumia zaidi, kwa sababu alielewa kwamba ni yeye aliyevisaga vyote. Akasema siku ile ya homa, kitandani, alisikia kwamba karakana imesimama, na badala ya kuhuzunika alifurahi. "Mjomba, nilifurahi," alisema. "Nikaona ninahitajika. Hapo ilibidi nijiogope, sikujiogopa." Sijui ni katika vitabu vipi ningepata somo la kiasi lililo fupi kuliko hilo.

Halafu akasema jambo la pili. Akipumzishwa, atakuja kwako. Mwaka mzima bila kukanyaga kazini, afanye nini hapa? Atakaa na mama yake, ajue unavyoamka, ajue unapika nini siku usiyokuwa na zamu. Alisema amesahau harufu yako, anakumbuka tu kwamba ilikuwako. Na akibaki mwenyekiti hawezi kuondoka hata wiki mbili, hilo naye analijua.

Sasa mdogo wangu, nimefika mahali nilipokuwa napakwepa tangu mstari wa kwanza. Katika barua yako uliniuliza swali moja: mtoto atakuja lini? Hukuandika zaidi juu ya hilo. Nilikaa na swali hilo chini ya redio kwa sababu jibu langu lilikuwa: sitaki aje. Huo ndio ukimya wangu wote.

Najua afanyiwe nini. Kama angekuwa binti wa mtu mwingine ningekwaruza kigae siku ileile nikaenda nyumbani kula. Watu wale watajifunza tena kuwa na mikono. Yeye atajifunza kukaa chini. Akirudi atakuwa kiongozi ambaye wifi yako angemwita mtu mzima. Busara inasema hivyo, haki inasema hivyo, na ushujaa unanitaka niseme mbele ya watu. Lakini mkono huu umekuwa ukinitafutia sababu za kukiacha kisafi. Nimepata nyingi. Oda ya hoteli haijaisha. Mchoraji hajui hesabu za lori. Mwaka mmoja ni mwingi kwa tanuri lililowahi kupasuka. Niliziandika zote juzi kwenye karatasi nikazisoma kwa sauti. Sarufi yake haina kasoro, na hakuna hata moja iliyo ya kweli.

Ya kweli ni hii. Nasikia geti Jumapili. Nasikia viatu vyake vikiachwa barazani, kimoja hapa, kingine kule, ingawa nimemkemea tangu utoto. Najua atalala baada ya dakika chache na hatasema neno, nami nitakaa hapo nikimtazama akipumua kama nilivyokaa usiku ule wa surua, wewe ulipokuwa umekwisha ondoka na sikujua nikuandikie nini. Ukiniondolea hizo Jumapili, nyumba hii ina nini? Redio na kabati lenye mchwa.

Utaniambia ni mwaka mmoja. Wewe uliondoka kwa mkataba wa miaka miwili. Sikulaumu, usinielewe vibaya. Ulipeleka mikono yako mahali palipokuwa na kazi, na ada ya mtoto ilifika kila muhula, hata muhula ule ulipolazwa hospitali. Nasema tu kwamba najua mwaka wa ugenini unavyozaa. Kwanza ni mwaka, kisha ni baridi ipite, kisha ni yule bibi hana mwingine wa kumwitikia. Na kila mara sababu ni nzuri.

Nilisimama mbele ya wafinyanzi nikawaambia mlaji wa madaraka hajui ameshiba. Nilikuwa namsema binti yako, nao wote walijua. Hakuna aliyejua kwamba mwalimu naye ana sinia lake, analikumbatia, na ni la mtu mwingine. Uliniazima mtoto, mdogo wangu. Hukunipa. Na mimi nimekaa naye kama mwenyekiti anavyokaa na kiti: nikimlea vizuri, nikimtunza kuliko wote, nikiamini kwa dhati kwamba bila mimi ataanguka, na nikihesabu kila siku uliyokosa kuwa sifa yangu. Ungekuwa na kigae ungenikwaruzia zamani. Umetumia miaka yote hiyo kunishukuru badala yake, na shukrani zako ndizo zilizonizuia kuona.

Sikuandikii uniamulie. Kuomba ruhusa kwako sasa kungekuwa woga wenye adabu, na najua ungesema nini, kwa sababu wewe ni mwema nami nimezoea kuutumia wema wako. Naandika ili usiku wa Ijumaa, hata kama barua itakuwa bado njiani, kuwe na mtu mmoja duniani niliyemwambia ninashindana na nini, watu wengine wakidhani natafakari mambo ya Wagiriki. Ukipata habari kwamba anakuja, usinishukuru. Mpokee tu, na mwache alale kitini akitaka, usimwamshe kwa ajili ya chakula. Ukipata habari kwamba anabaki, usiwe mwepesi kunisamehe.

Msalimie yule bibi, hata kama atadhani salamu zimetoka kwa mwingine. Majirani wa pande zote mbili wanakuulizia, na mmoja anasema amekuwekea jibu la utani uliomwachia. Jikinge na baridi, funika magoti, usipande ngazi kwa haraka kama msichana. Mimi nitaingia karakana Jumamosi asubuhi na kigae hiki mfukoni, na nikishakitumbukiza nitakuandikia siku hiyohiyo nimekiwekaje. Safari hii barua haitapitia chini ya redio.

Ni mimi, kaka yako, nikikukumbuka kuliko ninavyojua kuandika.